Waliotuachia Matokeo Tu

Vijana wa Koboko siku hizi wanapigana kwa ajili ya timu za Ulaya. Nimeona kwa macho yangu mmoja akitolewa damu nje ya kibanda cha video, kisa golikipa wa Kizungu ambaye hajui kama Koboko iko duniani. Nikawauliza, golikipa wa timu ya Arua ni nani? Wakatazamana. Mmoja akacheka, akaniuliza, bibi, kwani hiyo timu bado ipo? Niliondoka bila kumjibu, maana ningemjibu ningetukana, na mimi nikianza kutukana huwa sijui pa kuachia.

Siwalaumu wao. Nawalaumu waliounyamazisha mpira wa nyumbani, tena nawalaumu mpaka leo. Watu wananiambia hasira hasara. Sawa, wacha nipate hasara, sitapata kubwa kuliko ile ya kwanza.

Baba yetu alikuwa askari. Mwaka 1979 serikali aliyoitumikia ilipoanguka na askari wake wakawa wanasakwa, mama alituvusha mpaka kuingia Zaire, mimi na kaka yangu mkubwa. Baba alisema atatufuata. Hakutufuata, wala hatukupata kujua aliishia wapi. Kila aliyetoka ng'ambo mama alimuuliza, na kila mmoja alitikisa kichwa. Tuliporudi Koboko, miaka ya themanini ikielekea ukingoni, mama alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: mtu wake akitoka nyumbani, lazima ajue kwamba amefika.

Na kaka yangu alikuwa mtu wa kutoka tu. Mvivu wa jembe, sitamsingizia sifa, lakini mikono yake ilikuwa mirefu na mpira ulimpenda. Akawa golikipa wa timu ya Arua. Timu ilipanda lori kwenda Gulu, kwenda Lira, na barabara ile miaka ile ilikuwa na watu wenye bunduki vichakani. Lori likiondoka Arua, wenye watoto ndani yake walikuwa hawana cha kufanya ila kumeza mate na kungoja.

Kilichomponya mama kilikuwa redio. Pale Arua palikuwa na kituo kidogo, na kituo kilikuwa na mtangazaji wa mpira aliyepanda lori lile lile, akabanana na wachezaji, kisha akatangaza kwa simu kutoka uwanjani. Alitangaza kwa Kiswahili chetu cha huku kwetu West Nile, kile kisichojali sana sarufi. Alisema, "Mpira iko kwa golikipa, kijana ya Koboko, mutu ya mikono mrefu!" Najua wenye Kiswahili chao wangecheka. Sisi tulikielewa kama tunavyoelewa njaa.

Kabla ya mpira kuanza alisoma majina ya wachezaji wote, akianza na golikipa. Jumamosi mama aliyaanika mawe ya redio, yaani betri, juani tangu asubuhi ili yapate nguvu. Jina la kaka likitajwa, alishusha pumzi, akasema, "Alhamdulillahi, amefika." Mpira wenyewe hakuujua hata kidogo. Mpaka anakufa alidhani kona ni adhabu ya kusema uongo. Lakini alisikiliza hadi mwisho ili alisikie jina lile tena na tena.

Tulikuwa na desturi mtaani kwetu, sijui ilianzishwa na nani. Golikipa akifungwa, majirani walimletea mama yake chai ya tangawizi, wakae naye, wamtanie kidogo kwamba mwanao leo alikuwa anakamata nzi. Asipofungwa, mama yake ndiye aliyewalisha wao, kesho yake asubuhi. Waislamu walikuja na Wakristo walikuja wakipitia kwetu kwenda kanisani, na mandazi hayakuuliza dini. Mama alijifanya analalamika kwamba ushindi unammaliza unga. Uongo mtupu, alikuwa anaupenda mno.

Halafu ikaja miaka ya tisini, na Jumamosi moja mpira haukuja. Mahali pa majina ya wachezaji tukasikia salamu: fulani anamsalimu shemeji yake, wimbo, tangazo la sabuni, wimbo tena. Mama alidhani redio imeharibika. Akaizungusha, akaipiga makofi, akanituma kwa jirani nikasikilize ya kwake. Ya jirani nayo ilikuwa na sabuni ile ile. Usiku, mwishoni mwa habari, wakasoma matokeo kwa sentensi moja. Mama hakulala mpaka kaka alipoingia mlangoni siku ya Jumatatu, mzima, akiuliza kama kuna chakula.

Jumamosi ya pili ikawa hivyo hivyo. Mama akavaa shuka yake ya sikukuu, akaniambia twende Arua. Tukapanda gari la mizigo, tukafika kituoni tumejaa vumbi. Mkubwa wa kituo alikuwa kijana mpya, mwenye tai. Alitupa viti, akatuagizia soda, akatueleza kwa sauti laini kwamba kumsafirisha mtangazaji ni gharama, simu ni gharama, na wasikilizaji wa siku hizi wanataka muziki. Mtangazaji wa mpira wamempumzisha. Akamwambia mama asiwe na wasiwasi, matokeo atayasikia kwenye habari.

Mama akaiweka soda chini. "Mwanangu, nani ameshinda, hiyo iko kazi yenu," akamwambia. "Mimi nataka kujua nani amecheza."

Yule kijana akatabasamu. Tabasamu lile ninaliona mpaka leo, na mkono unaniwasha mpaka leo. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Yeye watu wake walikuwa wanarudi nyumbani kila jioni, angejuaje kwamba mtu anaweza kutoka asionekane tena? Akasema ataliangalia suala letu. Tulirudi Koboko kwenye mvua, na mama hakunung'unika hata neno moja, mimi ndiye niliyetukana njia nzima.

Suala letu hakuliangalia. Mwisho wa msimu timu ikaenda Gulu. Usiku wa Jumamosi ile tulikaa na redio, mama kafunga mikono kifuani, na msomaji wa habari akasema Arua imeshinda bao moja kwa bila. Kisha tangazo la sabuni. Mama akaniuliza hiyo 'bila' maana yake nini. Nikamwambia maana yake mwanao hakufungwa. Akacheka peke yake kwa muda mrefu. Kama hakufungwa, basi alifika, na kama alifika, basi yuko salama. Nani angefikiri vingine?

Asubuhi ya Jumapili alikanda unga mwingi kuliko siku zote. Majirani wakajaa uani. Mke wa mchungaji akamtania mama kwamba mwaka huu ataolewa tena kwa sababu ya mikono ya mwanawe, na mama, ambaye tangu 1979 sikuwahi kumwona akifanya hivyo, akasimama na mwiko wake mkononi akacheza. Alicheza vizuri. Watu walipiga makofi, na mimi nilipiga.

Jumatatu akaja kocha na wachezaji wawili. Walivua viatu mlangoni, wakakaa chini, na mama akajua kabla hawajafungua mdomo. Dakika za mwisho kaka aliruka kuudaka mpira, goti la mtu likamwingia tumboni. Walimtoa kwa machela. Alikufa hospitali ya Gulu usiku ule ule. Maiti haikuweza kungoja na barabara haikuwa ya kuaminika, kwa hiyo Waislamu wa Gulu walimwosha, wakamswalia na kumzika Jumapili asubuhi.

Kocha aliapa kwamba alipiga simu kituoni mpira ulipokwisha, kaka akiwa bado hai, akawaambia wamjulishe mama yake. Sikumwamini. Arobaini ilipopita nikaenda Arua, nikamngoja msomaji wa habari nje ya lango. Hakukana. Alisema ujumbe waliupokea wote: bao moja kwa bila, na golikipa yuko hospitali, hali yake mbaya. Mkubwa wa kituo akaikata nusu ya pili ya ujumbe, kwa kuwa mpira sasa ulipewa sentensi moja na tangazo lilikuwa linangoja. "Dada, nafasi ilikuwa ya matokeo tu," akaniambia. Nilimsukuma akaanguka kwenye ua, na walinzi wakanitoa.

Nyumbani nilimweleza mama, nikitaka na yeye akasirike pamoja nami. Alikuwa anachambua maharage. Aliuliza jambo moja tu, kama kweli walijua. Nikamwambia walijua.

Akatupa harage bovu pembeni, akasema, "Heri wangenyamaza kabisa. Ningebaki na wasiwasi wangu, na mwenye wasiwasi anaomba dua. Wao wakanipa ushindi. Mwanangu anashushwa kaburini, na mimi nacheza."