Jina Nililolitupa Salamabila

Nilialikwa kuimba kwenye harusi ya mume wangu.

Walionialika hawakujua kwamba bwana harusi ni wangu. Na yeye mwenyewe hakujua kwamba nimealikwa. Bado nina hasira, kwa hiyo mtanivumilia nikiropoka.

Naitwa Faida, wa Kasongo. Mume wangu Atumani alikwenda kutafuta dhahabu Salamabila, akaniachia watoto watatu: Mounira, Ramazani na Fadhili. Alisema miezi mitatu. Mwaka wa pili ukaisha.

Nikipiga simu, inaita mpaka inakata. Fadhili akajifunza kutembea, akajifunza kusema "baba", akawa anamwita baba kila mwanaume anayepita na pikipiki. Hapo nikasema basi.

Nikamfuata mjomba wangu Zakaria, mwenye bendi inayopiga kwenye sherehe hapa mjini.

"Mjomba, nataka kumwimbia Atumani arudi."

"Tupige rumba?"

"Rumba atalala nayo. Ule mutu damu yake ni salsa."

Kweli tulijuana tukicheza salsa, kwenye ndoa ya binamu yake. Alinizungusha mpaka kiatu kikaruka. Mjinga mimi, nikapenda.

Studio ilikuwa chumba cha Pitchou, magodoro ukutani na paneli ya sola juu ya bati. Badala ya kengele tulipiga rimu kuukuu ya lori. Tarumbeta hatukuwa nayo, kwa hiyo Zakaria aliipiga kwa mdomo, mashavu yakavimba, na Pitchou akacheka hadi tukaanza upya mara nne.

Mstari wa pili niliuandika machozi yakinitoka: "Kovu la pasi karibu na bega, nilikuunguza mimi, nikakupoza kwa busu." Si maneno ya kutunga. Nilikuwa napiga pasi ya makaa, akaja kunikumbatia kwa nyuma bila shati.

Kwenye kiitikio nikamwita kwa jina: "Atumani eeh, Atumani wa Kasongo, mji unakulilia, rudi!"

Hapo ndipo nilipoharibu.

Mnajua muziki wetu. Mtu akiitwa jina ndani ya wimbo, kila anayesikia anajua ametoa kitu ili aitwe. Ni patron huyo, mfadhili mwenye pesa. Mimi nilikuwa namwita baba wa watoto wangu, wao walisikia tajiri anasifiwa.

Wimbo ukapanda pikipiki. Madereva waliunakili kwenye kadi za simu, ukapita Kabambare, ukaingia machimboni. Mwezi haujaisha, akaja dereva mmoja anaitwa Élysée, katokea huko huko.

"Mama muimbaji, Baba Asma wa Salamabila amenituma. Iko anamuoza mutoto wake. Anataka uje uimbe ile salsa, lakini bwana harusi asijue. Iwe surprise."

"Bwana harusi ni nani?"

"Si ule patron wako! Atumani wa Kasongo."

Sikulia. Hasira ilinikausha macho. Nikawapeleka watoto kwa mama yangu, nikapanda pikipiki ya Élysée.

Siku mbili za matope. Hiyo pikipiki tuliisukuma kuliko tulivyoipanda, na kila nilipoteleza nilimtukana Atumani kwa sauti. Élysée alidhani natukana barabara.

Baba Asma alinipokea kwa mikono miwili.

"Aksanti kwa kuja, mama. Wengi walimutaka binti yangu, nikawakatalia. Lakini mutu anaimbwa Kasongo muzima, huyo hawezi kuwa mutu wa bure."

"Alikuambia iko na bibi?"

"Hapana. Alisema bado hajaoa."

Bado hajaoa! Na mimi ndiye niliyemtafutia mke, kwa mdomo wangu mwenyewe.

Shehe alikuwa hajafika. Atumani akaingia na kanzu mpya, vijana wakawasha wimbo wangu, naye akaanza kuucheza, kifua mbele, anawapungia watu mkono. Wimbo wangu! Nikatoka nyuma ya spika, nikashika mikrofoni.

Miguu yake ikasahau salsa.

Niliimba vizuri, wallahi sijawahi kuimba vile. Nilipofika kwenye kiitikio nikaita majina mengine: "Mounira binti Atumani! Ramazani mwana wa Atumani! Fadhili, asiyemjua babake!"

Watu wakashangilia. Walidhani ni mapatron wengine.

Baba Asma ndiye aliyeinua mkono. Muziki ukazimwa.

"Hawa ni ba nani, mama?"

"Ni batoto ya mukwe wako. Na miye ni bibi yake."

Atumani hakuniangalia. "Baba, huyu nilimulipa tu aniimbe. Simujui."

Simujui! Miaka tisa ya ndoa, uzazi wa mara tatu, simujui.

Nikawageukia wageni. "Mustari wa pili munaujua? Imbeni."

Wakaimba, maana Salamabila nzima ilikuwa imeukariri. "Kovu la pasi karibu na bega..." Sauti zikapungua zenyewe, moja moja, jinsi walivyoanza kuelewa wanachoimba.

Asma, bibi harusi, akatoka chumba cha wanawake. Msichana mpole, sina neno naye.

"Baba, atuonyeshe bega."

Atumani akashika kola ya kanzu kwa mikono miwili. Hiyo ilitosha.

Shehe alipofika aliwakuta watu wanakula wali bila ndoa. Bwana harusi alikuwa ameshatorokea nyuma ya nyumba, na hadi leo hajagusa Kasongo.

Nikirudi na Élysée, tulisimama Kabambare tunywe chai. Simu ya mteja mmoja ilikuwa mezani inapiga wimbo wangu, ule wa harusini, na majina ya watoto ndani. Kumbe kuna waliorekodi, wimbo ukatupita njiani.

Msichana aliyekuwa ananimiminia chai akauliza, macho yanang'aa:

"Mama, huyu Atumani ni patron wa namna gani? Banamuimba pamoja na batoto yake! Iko anatafuta bibi?"

Chai sikuimaliza.

Sikieni, hasa wanawake wenzangu. Ukiwa na shida na mtu, mfuate umwambie usoni. Ukilitupa jina lake hewani hujui nani atalidaka, na mwenye jina anaweza kulivaa kama kanzu mpya.

Ndiyo maana humu nimewadanganya kitu kimoja. Majina ya watoto ni ya kweli. Atumani si jina lake. La kwake nimeshaliimba sana, silitaji tena.