Mifupa ya Shimo la Nne

Serikali ilipotaka kujenga nyumba za wafanyakazi pale Gongoni, mjini Tabora, alikuja kwanza mtaalamu wa mambo ya kale kutoka Dar es Salaam, kutazama kama chini ya kiwanja kuna mabaki ya watu wa misafara. Alipima mashimo sita, kila moja upana wa mlango. Vibarua wawili walichimba, mimi nikachekecha udongo. Nilikuwa nimeachika, nimerudi nyumbani, na mama aliona haya bintiye kushinda vumbini na wanaume.

Siku tatu tulipata vigae, shanga nyekundu na vipande vya viko. Siku iliyofuata, katika shimo la nne, kibarua aliweka jembe chini akavua kofia. Lilikuwa fuvu la mtu.

Mtaalamu alishuka mwenyewe na brashi. Watu wakajaa. Katibu wa tawi la chama akalalamika kwamba ujenzi hauwezi kungoja mifupa. Ndipo akaja bibi wa nyumba ya jirani, mshona kofia, ambaye mji mzima ulijua kwao ni pwani, tena kwa waungwana. Nilimwamkia. Alinishika mkono akanivuta pembeni.

“Mwambie huyo bwana aende taratibu akifika miguuni,” alisema. “Mguu wa kushoto una bangili ya shaba. Huyo ni mama yangu.”

Nilimfikishia mtaalamu maneno hayo kwa sauti ya chini. Alifuta udongo mbavuni, kiunoni, magotini, hadi alasiri. Bangili ilikuwepo, imeota kutu ya kijani, mguu wa kushoto.

Bibi akakaa juu ya lundo la udongo akatusimulia. Mama yake alitekwa ng'ambo ya ziwa, akatembezwa na kamba shingoni hadi Tabora, akauzwa. Alikufa kwa ndui, bibi akiwa mtoto wa miaka saba hivi. Bwana aliyemnunua alikataa azikwe makaburini pamoja na jamaa zake. Wapagazi wawili wakamfukia pale, bila sanda wala sala, mtoto akitazama. Bibi alipokua akajitungia ukoo wa pwani. Hata marehemu mumewe hakujua.

“Siku hizi mnatuambia sote ni ndugu,” alimwambia katibu. “Basi niachieni mama yangu azikwe kama mtu.”

Katibu akaenda mwenyewe kumtafuta shehe.

Kesho yake mifupa ilivishwa sanda, ikaswaliwa, wanaume wakaipeleka makaburini. Mtaalamu alikwisha kuichora bangili kwenye daftari lake; akamkabidhi bibi bangili yenyewe bila kuombwa. Mimi nilibaki na bibi nyumbani kwake. Hakulia. Aliwaita wajukuu zake, akawaeleza bibi yao mkuu alikuwa nani, akiigeuzageuza ile bangili mapajani.

Ukweli huo ulimgharimu. Wakwe wa mjukuu wake mkubwa, watu wa mtaa wa Isevya wanaojivunia nasaba, waliacha kumtembelea. Nilipita kwake karibu kila jioni, na niligundua kuwa ananiwekea uji. Siku moja nilimuuliza kama anajuta. Akasema kinachomuuma ni miaka yote aliyokuwa akipita kando ya kiwanja kile huku amegeuza uso.

Nyumba zilijengwa. Mwezi wa Ramadhani ulipoingia, mama mkwe wa yule mjukuu alikuja kutoka Isevya, akabisha hodi na bakuli la futari. Bibi akamkaribisha, wakafuturu pamoja.