Mchi wa Rutamba na Nyota Inayodunda

Nakumbuka alasiri moja kule Rutamba, mwanangu, nikiwa na miaka kumi na tisa na kujiona hakuna nisichokijua. Vijiji vya ujamaa vilikuwa vingali vipya, nyumba zimepangwa mistari na makuti yake bado mabichi. Chuo cha ualimu kilikuwa kimenituma huko kufundisha kwa majaribio, na kesho yake mkufunzi wangu alikuwa anakuja kunikagua. Nikifaulu, napata cheti. Nikishindwa, narudi kwa baba, ambako mposaji nisiyemtaka alikwisha kupeleka barua.

Nilikaa kwa Bi Somoe, bibi wa Kimwera ambaye mtoto wa jicho alikuwa amemfunga macho yote mawili. Tangu siku ya kwanza aliniita mke mwenza, kama mabibi wa kwetu wanavyowatania wajukuu, eti mumewe mzee ni mume wetu sote wawili.

Nilikuwa nimechagua kufundisha habari za pulsa, nyota zinazodunda. Enzi zile zilikuwa habari za kutangazwa redioni: huko Uingereza msichana mwanafunzi, akichunguza mawimbi ya redio yanayotoka angani, alinasa mdundo uliokuja sawasawa kama saa, pigo moja kila sekunde moja na kidogo. Wenzake wakatania kwamba labda kuna viumbe huko wanatupigia simu! Mimi kichekesho hicho kilinitosha. Nilikaa uani nikalifanyia somo mazoezi kwa sauti, Bi Somoe yupo jamvini anachambua kunde kwa vidole.

"Haya, mke mwenzangu," akasema, "nyota inadunda. Halafu?"

"Halafu nini, bibi? Inadunda tu. Ni ajabu."

"Anayedunda ni nani? Yuko mbali au karibu? Ana nguvu au kachoka?"

"Bibi, hayo ni mambo ya kisomo. Huwezi kuyajua kwa kusikia mdundo tu."

Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyevaa viatu akizungumza na asiyevaa. Naona haya mpaka leo.

Hakukasirika. Aliinua kidole tu, nisikilize. Upande wa pili wa kijiji watu walikuwa wanatwanga.

"Hapo ni kwa Mwanahamisi," akasema. "Michi miwili. Mmoja wa mtu mzima, mwingine wa mtoto, na huyo mtoto anaumwa mikono, maana pigo lake linachelewa. Kinuni mna mtama, mpunga haulii hivyo. Na mlio umefika umefifia kwa sababu mikorosho iliyo katikati imejaa majani. Nenda kaangalie. Nikiwa nimekosea, nakuachia babu yako peke yako, na kikohozi chake."

Nilikwenda kwa ubishi. Nikamkuta Mwanahamisi na bintiye, kinu kimejaa mtama, na viganja vya yule binti vimetoka malengelenge. Nikarudi, nikaketi jamvini na kuanza kuchambua kunde naye.

"Hata kunde sasa unachambua," Bi Somoe akacheka. "Basi babu yako nabaki naye. Ninyi wasomi mmesikia mchi, lakini hamkumuuliza mtwangaji."

Kabla ya magharibi nilifungua upya daftari langu la chuo na kusoma kurasa nilizokuwa nimeziruka.

Kesho yake somo lilikwenda vizuri, watoto wakapiga midomo yao kama pulsa mpaka darasa likavuma. Kisha mkufunzi akasimama kule nyuma. "Mwalimu, watoto wamefurahi. Lakini kituko kimoja cha angani kinahusiana nini na fizikia nzima ya nyota?"

Nikawaomba watoto wanyamaze. Jikoni kwa jirani wa shule mchi ulikuwa unapiga. "Kinuni mna nini?" nikauliza. "Mpunga!" wakapaza sauti. "Mmejuaje, na hamjauona?"

Nikawaeleza kwamba na mdundo wa pulsa ni hivyo hivyo. Unatuambia nyota zinavyokufa: nyota kubwa ikiishiwa kuni zake hulipuka, na kiini kinachobaki hubanwa mpaka uzito unaozidi wa jua letu unaingia kwenye upana wa mwendo wa baiskeli tu, kutoka Lindi mjini hadi Mingoyo. Kiini hicho huzunguka kikitupa mawimbi ya redio kama mnara unaomulikia meli, na kila mwali ukitupitia tunasikia pigo. Mapigo yanapunguza kasi polepole, na kwa upungufu huo tunakadiria umri wake. Mawimbi mengine hufika yamechelewa kuliko mengine, nasi tunajua kwamba kati ya nyota na nyota si patupu. Iko mikorosho yake. Miaka ya baadaye zilionekana pulsa zenye mwenza, zinazozungukana, na wataalamu wakatumia mapigo yao kupima uzito wao na kujaribu kanuni za mvutano. Lakini siku ile hayo sikuyajua bado.

Mkufunzi alifunga kalamu yake. "Nani kakufundisha kueleza hivi?"

"Bi Somoe."

"Yuko chuo gani huyo?"

Darasa zima likaangua kicheko, naye hakuelewa mpaka nilipompeleka uani kumwamkia. Cheti nilikipata. Yule mposaji alirudishiwa barua yake, akaoa Nyangao, na nasikia walikuwa na raha.

Kwa hiyo, mwanangu, ukipewa kitu kimoja kidogo cha kujifunza, usione umenyimwa vingine. Kaa nacho. Kiulize kimetoka wapi, kina uzito gani, kimepita katikati ya nini mpaka kukufikia. Na asiyejua kusoma akikuuliza "halafu?", weka daftari chini umjibu; na kama huna jibu, mshukuru. Mwenyezi Mungu akupe masikio ya Bi Somoe na macho yako mwenyewe, akufungulie kila unalolitafuta, na siku ya kukaguliwa kwako pasikosekane jirani anayetwanga.