Watoto Wawili wa Maramba

Siku yangu ya kwanza kazini, Mchungaji wa Muheza alinikalisha ofisini akaniuliza, "Mwinjilisti, muujiza ni nini?"

Nikamjibu ni jambo lililomshinda mwanadamu, Mungu akalifanya.

"Hujamaliza," akasema. "Yohana anauita ishara. Kibao cha barabarani kinachoelekeza Tanga si Tanga yenyewe. Ole wako ukiwakalisha watu chini ya kibao."

Nikacheka kidogo. Yeye hakucheka.

Mwinjilisti wakati wetu alilea mtaa, yaani tawi dogo la usharika: alifundisha kipaimara, alizika, alihubiri Jumapili ambazo mchungaji hakufika. Mtaa wangu wa pili ulikuwa Maramba. Huko, mchana mmoja, Elia, mtoto wa jirani yetu, alitumbukia kisimani. Alipotolewa alikuwa kimya, midomo imebadilika rangi. Nesi wa zahanati akapiga magoti, akambonyeza kifua na kumpulizia pumzi. Mimi nilishika miguu yake ya baridi nikaomba. Mtoto akatapika maji, akalia.

Watu wakapiga vigelegele. Mimi niliogopa. Ndipo nilipoelewa kwa nini wanafunzi wa Yesu walizidi kuogopa bahari ilipokwisha kutulia.

Habari zikaenea, na kila aliyezisimulia alimsahau nesi. Siku chache baadaye alikuja kanisani Mwanahamisi, binti wa Kidigo, Mwislamu, amekumbatia kitu ndani ya kanga. Nikafunua. Mwanawe alikuwa amekufa kwa homa tangu alfajiri, mwili ulishakakamaa.

"Mwalimu, wa mwenzangu umemwita akarudi. Na wangu mwite."

Nyuma yake uwanja ulijaa watu. Niliogopa kuomba nikakosa. Niliogopa kukataa. Na, wallahi, niliogopa pia kuomba halafu ile kanga itikisike.

"Elia sikumwita mimi," nikamwambia. "Na huyu siwezi kumwita, mwanangu."

"Kwani Mungu wenu anachagua?"

Nikaketi sakafuni kando yake. Yesu mwenyewe alilia kabla hajamwita Lazaro. Kumwita mfu ni kazi yake, lakini kulia hata mimi naweza. Nikalia. Mwanahamisi, ambaye hakuwa ametoa chozi tangu asubuhi, akaangua kilio.

Baba yake, Mzee Bakari, akapenya katikati ya watu. Nikajua sasa nimekwisha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umemwambia nini binti yangu?"

"Nimemwambia siwezi."

Akamfunika mtoto na ile kanga. "Basi tusaidie kumbeba, akaswaliwe."

Nikambeba mpaka kwao. Walipomswalia nilisimama pembeni, nimevua kofia.

Haukupita muda, Mkuu wa Jimbo la kanisa letu akaniita. Alitaka mkutano mkubwa, nishuhudie habari za Elia. "Watu watajaa," akasema.

"Nitashuhudia, Baba, ila nitawasimulia watoto wote wawili."

Mkutano haukufanyika, nami nikahamishiwa kijiji cha mbali cha Mkwaja, nilikostaafia.

Sasa vijana hunijia niwaeleze maana ya miujiza. Nawaambia Mungu anaifanya, nimeiona, na kwamba anayeiona hapati usingizi mnono tena. Elia ni kijana mzima, anaendesha bodaboda. Lakini hata leo nikibishiwa hodi ghafla, kabla sijamtazama mtu usoni, natazama kwanza mikono yake imebeba nini.