Kopo la Hamira

Dada yangu mkubwa anapima kuvu iliyojificha kwenye kuta za watu. Ndiyo kazi yake, mwaka wa kumi na tisa sasa. Unampelekea plasta, anaisaga, anaichemsha kwenye spiriti, kisha anatafuta ergosteroli, aina ya mafuta yaliyomo ndani ya kuvu lakini hayamo kwenye saruji wala chokaa. Mafuta yakiwa mengi, kuvu imejaa, hata kama ukuta umepakwa rangi jana. Nyumbani tunamwita Pua, maana akiingia chumbani hunusa kwanza, salamu baadaye.

Mimi ni mwoka mikate. Mke wangu ana chekechea kwenye chumba cha nyuma ya tanuri langu, watoto ishirini na wawili. Mwaka huu watoto walianza kukohoa, na bwana afya akasema asipoona karatasi ya vipimo kufikia Ijumaa, anafunga. Mke wangu hakula siku mbili. Chekechea ile ndiyo maisha yake.

Nikajifanya mjuzi. Nikakwangua plasta kwa kisu changu, nikaitia kwenye kopo tupu, nikampelekea dada mbio mbio.

Jumatano akanipigia simu, sauti nzito.

"Mdogo wangu, namba hizi sijawahi kuziona. Hata nyumba iliyokaa majini miezi mitatu haifiki hapa. Mwambie wifi awatoe watoto leo."

"Dada, huwezi kupunguza kidogo? Ni wifi yako huyo."

"Nikipunguza kwenye karatasi, kuvu itapungua vifuani mwao?"

Nilimchukia, nakiri. Mke wangu akawarudisha watoto kwao, akakaa kwenye kimoja cha vile viti vyao vidogo, akalia.

Jioni Pua akaja mwenyewe. Akanusa huku na huku, akakunja uso.

"Harufu ipo, lakini si ya namba zile. Plasta uliitia kwenye nini?"

"Kwenye kopo la hamira."

Akanikodolea macho. Halafu akacheka mpaka akashika ukuta. Hamira nayo ni kuvu, akanieleza huku akifuta machozi, na ina mafuta yale yale.

"Umenipimisha mikate yako, bwana wee."

Akatoa patasi, akaifuta kwa spiriti, akakwangua kuta zote nne, kila ukuta na chupa yake. Mimi nilikatazwa hata kusogea.

Ijumaa asubuhi karatasi ikaja. Kuta tatu safi. Wa nne, nyuma ya kabati, penye bomba linalovuja, ulikuwa mbaya, na Pua aliuandika mbaya vile vile. Bwana afya akasoma, akasema plasta ya ukuta huo ing'olewe, bomba lizibwe, kisha chumba kifunguliwe.

Mke wangu hakumngoja fundi. Alijifunga kitambaa usoni, akashika nyundo, Pua akashika patasi, na hadi adhuhuri wifi wawili walikuwa weupe kunizidi mimi na unga wangu. Kopo langu sasa liko kwenye rafu ya maabara, wageni huonyeshwa.

Wiki tatu baadaye watoto waliimba nusu saa nzima bila hata mmoja kukohoa. Mke wangu alikuwa amempigia wifi yake simu na kuiweka mezani, asikilize. Pua alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama bomba limezibwa vizuri.