Samaki wa Kuangaliwa

Mnisamehe herufi zangu zinazoegemeana kama walevi, na maneno nitakayoyakosea. Niliishia shule ya msingi na naandika polepole. Lakini harufu ya lile bwawa naikumbuka vizuri: matope, majani ya muhogo yaliyooza, na sabuni ya mashati ya wanaume waliokuja kulitazama kila Jumapili baada ya ibada.

Nilikuwa mtoto, Wabelgiji wakitawala, na kilima chetu karibu na Kashebere kilijaa watoto wenye bwaki, ule ugonjwa wa kula tu bugali na sombe ya majani ya muhogo, miguu ikavimba na nywele zikawa nyekundu. Mzungu wa kilimo alileta samaki wadogo ndani ya pipa, akasema tuchimbe bwawa ili watoto wale. Kilima kizima kilichimba. Kisha wanaume wakaunda kamati, nayo ikamchagua Papa Bauma kuwa mkubwa wake, kwa sababu alikuwa na kofia. Tangu hapo samaki wakawa wageni wa heshima. Sisi watoto tulikamata kumbikumbi, chakula chetu wenyewe, tukaamriwa kuwatupia. Aliyeonekana akitafuna hata kumbikumbi mmoja alichapwa. Samaki wakazaana, wakabanana, wasizidi kidole kwa ukubwa, na kamati ikazidi kujivuna kwamba ni wengi. Hakuna aliyewala. Kamati ilingojea Mzungu arudi, awaone samaki, awasifu wanaume wale.

Ndipo mdogo wangu Sifa akashikwa na bwaki. Nilimbeba mgongoni, akawa mzito kwa maji, si kwa nyama. Hakucheka, hakulia hata. Jumapili moja, watu wakitoka kwenye ibada, Mama alimsimamisha Papa Bauma njiani.

"Papa, nipatie samaki ya mutoto. Kidogo tu."

"Mama Sifa, ngojea kwanza. Muzungu hajaiona. Tukikula, tutamuonyesha nini?"

"Mutamuonyesha kaburi ya mutoto?"

"Mwanamuke ya pori, unajua nini ya bwawa!" alisema, na kamati yote ikacheka.

Mama alizaliwa Buleusa. Huko, wakati wa kiangazi, wanawake huziba kijito, wakachota maji mpaka yaishe, wakazoa samaki kwa vikapu, na mwanaume hasogei. Mama alikwenda zake nyumbani. Alirudi mchana ule ule na jembe, nyuma yake wanawake wa majirani na vikapu vyao, akakata ukingo wa bwawa. Maji yakatoka kwa kishindo, samaki wakabaki wakirukaruka kwenye matope. Wanaume walipiga kelele wakiwa na suruali zao safi kwenye nyasi kavu. Hakuna aliyeshuka.

"Papa Bauma, ingia basi!" jirani yetu aliita, matope mpaka magotini. "Ao unahurumia pantalo?"

Jioni ile kila jiko lilinuka samaki. Waliobaki Mama aliwakausha juu ya moto, akawatwanga pamoja na miiba yao, akamtilia Sifa katika uji siku baada ya siku. Uvimbe ukashuka polepole. Asubuhi moja, akiwa mgongoni kwangu, Sifa aliniuma bega kwa nguvu, nami nikapiga kelele za furaha. Mzungu naye alipokuja akakuta matope matupu. Papa Bauma akamwambia ni mafuriko. Ilikuwa kiangazi.

Sasa mimi ni kijana, na Sifa hupanda kilima na mtungi kichwani akaniacha nyuma. Bwawa limechimbwa tena, safari hii lina uzio, na ufunguo unakaa kwa wanaume, maana wanasema wanawake ndio walioharibu la kwanza. Wageni wakija, Papa Bauma hutoa hotuba juu ya afya ya watoto wetu. Watoto wenyewe, nywele nyekundu, huisikiliza wakiwa nje ya uzio.

Ninyi mnaosoma barua hii, wa kule Mushaki na wa mbali zaidi, kama kwenu pia kuna bwawa la wote, tafadhali nijibuni kwa barua. Samaki ni wangapi, msinieleze. Niambieni ni mtoto gani aliyekula.