Mchora Majina ya Meli

Kampuni ina meli tano ndogo za watalii wenye pesa zao, na majina yote matano ubavuni ni kazi ya mkono wake. Fundi rangi huyu hana habari na rula. Hupima herufi kwa shubiri, huiambia meli, "Haya mama, tulia," kana kwamba ni mbuzi wa kukamuliwa, kisha hubana pumzi mpaka herufi iishe. Akimaliza hupitisha kiganja juu ya chuma, taratibu, kama anayepapasa paji la mgonjwa.

Leo amemaliza meli ambayo kijitabu cha historia ya kampuni kinaiita mpya. Jina lake la zamani alilifuta yeye mwenyewe, baada ya ule moto uliowakuta wafanyakazi tisa wamelala vyumba vya chini, mdogo wake akiwamo. Alisugua msasa siku tatu, lakini herufi zilikuwa zimechomelewa, na kiganja bado kinazisoma chini ya rangi. Msimamizi alimwambia, "Fundi, hilo liishie hapa." Likaishia hapo, ana wajukuu wa kulisha.

Mhudumu mgeni anafika na begi lake, macho yanamng'aa.

"Shikamoo mzee. Kumbe ni mpya kweli!"

"Marahaba, binti." Anafuta brashi ambayo tayari ni safi. "Watakulaza vyumba vya chini. Wahi kitanda cha karibu na mlango."